Misumari ya Langoni: ukoo wetu na chuma cha vyombo

Wageni wakifika Lamu hutazama matanga. Sisi wenyeji tunatazama chini zaidi: mkuku (uti wa chini wa chombo) umelalaje, mataruma (mbavu zake) yamepangwaje, nani aliyeliunda jahazi hili, na fundi huyo alifunzwa na nani huko Matondoni. Swali ambalo halisikiki ni misumari ilifuliwa na nani. Na hali jahazi zima limeshikwa na misumari kwa mamia, usukani umetundikwa kwa bawaba za chuma, foromali (mti unaobeba tanga) hupanda kwa kapi (gurudumu la kupitishia kamba) lenye pini ya chuma, na maji yakianza kuvuta, kinacholizuia lisiende ni nanga.

Vitu hivyo vina watu waliovitengeneza. Ukoo wetu ni miongoni mwao. Tangu baba yake babu hadi kaka yangu anayeshika nyundo leo, tumefua chuma cha vyombo hapa mtaa wa Langoni, katika chumba kimoja chenye ua ambacho nyumbani tunakiita kiwanda. Mimi sikushika nyundo. Nilirithi daftari kutoka kwa bibi, na sehemu kubwa ya haya ninayoyaandika imetoka humo, na nyingine vinywani mwa baba na ami.

Ninalotaka kulisema nitalisema mapema. Ukoo huu haukuishi kwa kuuza chuma. Chuma kiliuzwa madukani zamani, na kinauzwa hadi leo. Sisi tuliishi kwa kujua chuma kipi kinakwenda wapi chomboni na kwa nini. Ujuzi huo haumo dukani, na ninaona watu wazima wenye akili zao wakinunua vyombo na vifaa vyake kana kwamba haukuwahi kuwapo.

Lakini lazima kwanza tukubali kwamba pwani hii ilisafiri karne nyingi bila wahunzi wa misumari. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba ya makumbi, zikashikizwa kwa vijiti vya mti, kisha likatwekwa tanga la mkeka. Mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 1, aliyeeleza biashara ya Bahari ya Hindi, alitaja vyombo vya kushonwa upande wetu huu. Katika nchi za mbali watu walitafuta sababu ya ajabu: kwamba baharini mna milima ya sumaku inayozing'oa misumari na kuzamisha vyombo. Sababu zenyewe zilikuwa ufukweni. Kamba ilitoka mnazini, chuma kilikuwa ghali, na chombo kilichoshonwa kikipanda mchangani kilinyumbuka badala ya kupasuka.

Wala si kwamba watu hawakukijua chuma. Al-Idrisi, katika karne ya 12, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kukiuza, na kwamba biashara hiyo ndiyo iliyowapa faida kubwa. Walikuwa nacho na bado wakashona. Kwangu hilo ni jambo kubwa, maana linaonyesha kwamba msumari haukushinda kwa kuwa watu walikuwa wajinga kabla yake. Ulikuja polepole, ukazidi kuenea baada ya Wareno kuingia bahari hii mwishoni mwa karne ya 15, na kwa muda mrefu chombo cha kushona na chombo cha kupigilia viliishi pamoja bandarini. Mitepe ya mwisho iliundwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kufikia hapo baba yake babu alikuwa ameshawasha moto wake.

Alitoka Siyu, kisiwani Pate. Siyu ya karne ya 19 ilikuwa mji wa mafundi na wanavyuoni: walishona viatu, walichonga milango, walinakili misahafu, walifua visu. Ulikuwa pia mji uliomkatalia sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1863, na baada ya kushindwa ukaanza kupungua watu. Yeye alijifunza visu na bawaba za milango. Alipovuka kuja Lamu alikuta kazi nyingine, kwa sababu Lamu iliishi kwa boriti. Mabum (majahazi makubwa) ya Ghuba ya Uajemi yalishuka na upepo wa kaskazi, yakapakia boriti za mikoko, yakangoja upepo wa kusi yapande kurudi. Chombo kilichovuka bahari hufika na kazi: bawaba ya usukani imepasuka, pini ya gofia (kapi la kupandishia tanga) imelika upande mmoja, misumari ya omo (mbele ya chombo) imelegea. Manahodha hao hawakuwa na muda wa kuagiza kitu Mombasa na kungoja. Walitaka kifuliwe hapa, na kiwe sawasawa.

Kutoka kwenye visu akahamia bawaba, kutoka bawaba akahamia misumari, na watoto wake hawakujua kazi nyingine.

Msumari unavyofuliwa

Msumari wa chombo hauanzi motoni. Unaanza kwenye ubao. Fundi seremala alipokuja, marehemu babu hakumuuliza anataka kilo ngapi. Alimuuliza unene wa ubao, unene wa taruma, na mti gani. Urefu wa msumari ni ubao na taruma kwa pamoja, na juu yake ziada ya kukunja ndani. Ziada ikipungua, ncha haina cha kushika. Ikizidi, mwenye kukunja hulazimika kuipiga sana na taruma hupasuka. Babu alipima kwa wanda, upana wa kidole chake mwenyewe, na kwa kuwa vidole havilingani, alikata kijiti cha mkoko na kukitia alama, na kijiti hicho ndicho kilichokuwa sheria ya kiwanda. Kipo hadi leo, kimekuwa cheusi kwa moshi.

Mti nao una maneno yake. Mbambakofi ni mgumu, lazima utobolewe kwa keekee kwanza, tena tundu liwe dogo kidogo kuliko msumari, ili msumari uingie kwa nguvu bila kuupasua ubao. Mwembe ni laini, msumari huingia vizuri lakini kichwa huzama, basi kichwa hufuliwa kipana. Misumari ya jahazi moja haikuwa ya aina moja, na fundi aliyeichanganya alirudishwa nayo.

Makaa yalikuwa ya vifuu vya nazi, kwa sababu huwaka vikali na hayaachi majivu mengi. Mivukuto ilikuwa ya ngozi ya mbuzi, na kuivukuta ilikuwa kazi ya watoto wa kiume wa nyumba kabla ya chuo (madrasa) na baada ya chuo. Fimbo ya chuma hutiwa motoni hadi igeuke rangi ya chungwa, kisha huwekwa juu ya fuawe na kuvutwa kwa nyundo pande nne. Pande nne ni muhimu. Msumari wa mviringo ukitikiswa huzunguka ndani ya tundu lake. Wa pembe nne huukamata mti kwa ncha za pembe zake, na mti ukivimba kwa maji huzidi kuukaza. Baada ya hapo hukatwa, huingizwa katika kibao cha chuma chenye tundu la pembe nne, na kichwa hupigwa kikiwa bado kimoto. Mwisho, kabla haujapoa, hutumbukizwa mafutani. Mafuta huungua juu yake na kuuachia ngozi nyeusi inayochelewesha kutu.

Kupigilia ni kazi ya watu wawili, mmoja nje na mmoja ndani, na hawaonani. Wa nje huzungusha pamba iliyochovywa mafuta chini ya kichwa cha msumari ili maji yasipate njia, kisha hupiga. Wa ndani hungoja ncha itokeze, huikunja, na kuirudisha ndani ya taruma. Huzungumza kwa kugonga. Baba anasema ulipofika Matondoni asubuhi uliweza kujua, kabla hujaona chombo, kama mafundi wanaelewana.

Sehemu ya ujuzi wa babu ninayoiona kuwa ya thamani kuliko zote ni kusoma msumari uliokwisha. Nahodha angekuja analalamika, na mazungumzo yakaenda kwa Kiamu, lahaja yao ya Lamu (mai ni maji, tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo).

"Chombo chatia mai."

"Mai yangia wapi?"

"Kwa tezi, naona."

"Niletea msumari moya."

Hakuhitaji kwenda kukitazama chombo. Msumari ulioliwa kichwani ulimwambia kwamba deheni imeachwa muda mrefu, yaani chombo hakijapakwa chokaa na shahamu (mafuta ya mnyama) kama inavyotakiwa. Ulioliwa nchani ulisema kwamba maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo, hayatolewi. Ulioliwa kiunoni, pale ubao unapokutana na taruma, ndio uliomtia hofu, kwa sababu maana yake mbao zinacheza, maji ya chumvi yanapita kati yao na kutoka, na mti wa pale umeshageuka mweusi na laini. Huwezi kupigilia msumari mpya katika tundu hilo hilo ukategemea ushike. Ni lazima utobole pengine, au ubao ung'olewe. Nimewahi kumwona kaka yangu akimrudisha mteja mwenye pesa mkononi kwa sababu hiyo, na mteja akakasirika, akaenda kununua misumari dukani. Kaka alikuwa sawa.

Daftari la bibi

Bibi aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa wino, mistari iliyonyooka. Kila ukurasa ni chombo, si mtu. Juu ameandika jina la chombo na mji wake: Kizingitini, Faza, Mokowe, Kipungani. Chini yake yapo mambo yaliyofuliwa, kipimo chake, na tarehe ya Kiislamu. Pembeni kuna deni. Manahodha wengi hawakulipa siku ya kuchukua. Walilipa msimu ukiisha, samaki au mizigo ikishauzwa, na bei haikuongezeka kwa kungoja, kwa sababu hiyo ingekuwa riba. Maana yake ni kwamba kiwanda kilibeba hatari pamoja na chombo. Chombo kikizama, deni lilizama. Zipo kurasa ambazo bibi aliandika mstari mmoja wa dua na kufunga hesabu.

Kwa kuwa kila ukurasa ni chombo, unaweza kufuata maisha yake. Jahazi moja la Faza linaanza na misumari mipya na bawaba za usukani. Misimu kadhaa baadaye kinakuja kichwa cha nanga. Kisha pini ya gofia. Kisha misumari ya ubao wa chini, michache. Kisha misumari ya ubao wa chini, mingi. Halafu ukurasa unanyamaza. Sijui bohari gani ya serikali iliyo na kumbukumbu kama hizi za vyombo vya Lamu, na ninamshukuru bibi kwa kila mstari.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia chuma kiliadimika, na daftari linabadilika. Badala ya fimbo mpya, kunaingia vyombo vikuukuu vilivyonunuliwa ili vichomwe. Chombo kilichochoka kilivutwa ufukweni, kikatiwa moto, na majivu yakachekechwa misumari itoke. Mizima ilinyooshwa, mibovu ikaunganishwa motoni na kufuliwa upya. Kwa hiyo baadhi ya majahazi ya baada ya vita yaliundwa kwa chuma cha babu zao.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka, maana hadithi yake inajulikana. Mafuta yaliibadilisha Ghuba, nyumba zikajengwa kwa saruji, mabum yakapungua msimu hadi msimu. Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku boriti kusafirishwa nje ya nchi. Majahazi makubwa yaliyohitaji misumari mirefu yakawa machache, na kiwanda kikabaki na mashua za uvuvi na zile za kutembeza watalii.

Injini, na shaba inayokula chuma

Kilichotupa kazi mpya ni injini. Watu hudhani injini ni mashine tu inayowekwa ndani ya chombo. Kwa mhunzi ni mtikisiko. Upepo huusukuma mlingoti na chombo chote huegemea kwa pamoja, taratibu. Injini ya dizeli hutikisa mahali pamoja, saa nyingi, na msumari uliokaa vizuri chini ya tanga kwa miaka huanza kulegea katika muda mfupi. Hapo baba na ami walijifunza bolti: kutoboa hadi upande wa pili, kutia washa pana, kufunga nati mbili. Walijifunza pia vitanda vya injini, vishikio vya shafti (mti wa chuma unaozungusha propela), na bawaba za usukani zilizo nene zaidi kwa sababu maji ya propela huupiga usukani bila kupumzika.

Kisha likaja tatizo ambalo hawakulitambua mara moja. Mashua mpya, bawaba mpya, na baada ya msimu mmoja bawaba zimeliwa na kubaki nyembamba. Zile za mashua jirani, za chuma kile kile, zilikuwa nzima. Tofauti ilikuwa propela. Ya ile mashua mpya ilikuwa ya shaba, na shafti yake ilipita karibu na bawaba hizo za chuma.

Jeshi la majini la Uingereza lilipata somo hilo hilo mapema zaidi, kwa hasara kubwa zaidi. Mwaka 1761 waliifunika meli yao HMS Alarm kwa mabamba ya shaba chini ya maji ili wadudu watobao mbao wasiingie. Wadudu hawakuingia. Lakini meli ilipokaguliwa mwaka 1763, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeoza, na pale ambapo karatasi nzito ilikuwa imebaki kati ya shaba na chuma, misumari ilikuwa salama. Maji ya chumvi hupitisha umeme kati ya metali mbili, na ile iliyo dhaifu hulika kwa niaba ya nyingine. Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy aliligeuza jambo hilo kuwa kinga: funga kipande cha zinki au chuma, acha kiliwe, na shaba itapona. Ikapona kweli, ila magamba ya bahari yakaota juu yake, kwa sababu shaba isipoyeyuka haiwazuii tena viumbe kushika.

Ami hakuwa amesoma habari za Davy. Alikuwa na rafiki fundi wa meli huko Mombasa, aliyemwambia afunge kipande cha zinki karibu na shafti na asikipake rangi. Alifanya hivyo. Hadi leo kila mashua yenye propela ya shaba inayotoka kwetu hupewa zinki, na kila mwaka tunapigana na mwenye chombo anayeipaka rangi ili ipendeze. Zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi yoyote. Haipaswi kupendeza. Inapaswa kuliwa.

Ukoo wa Southampton

Nimezisoma habari za koo nyingine za kazi hii, na moja imenikaa moyoni. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 makapi mengi ya jeshi la majini la Uingereza yalitoka kwa ukoo wa Taylor wa Southampton. Meli ya mizinga 74 ilihitaji makapi kiasi cha 1,000, na jeshi zima lilitumia kama 100,000 kwa mwaka. Walter Taylor hakuwa mtu wa kukaa na ya zamani: alitengeneza mashine za kukata na kukereza, na makapi yake yalisifiwa kwa kuzunguka bila kukwama. Kisha Marc Brunel, mhandisi mzaliwa wa Ufaransa, akaja kwa Samuel, mwana wa Walter, na michoro ya mashine mpya kabisa. Samuel alikataa. Aliona baba yake ameshaifikisha kazi hiyo mwisho wake. Brunel akaenda serikalini, Henry Maudslay akazifua mashine zenyewe kwa chuma, na kufikia mwaka 1808 kiwanda cha Portsmouth kilikuwa kikitoa makapi 130,000 kwa mwaka, watu 10 wakifanya kazi ya watu 110. Mkataba wa kina Taylor ulikuwa umekwisha.

Nilimsimulia baba jioni moja uani. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na hao mia wengine, mwanangu, walikwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Nilimsimulia kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na Brunel wake. Umeme ulipokuwa wa kutegemewa, baba alitaka mashine ya kuchomelea. Ami hakutaka. Hoja ya ami haikuwa uzee wala woga. Alisema bawaba iliyofuliwa kwa kipande kimoja ina nguvu kila mahali, na iliyochomelewa ina mstari ambapo nguvu yake ni ya fundi, si ya chuma. Tena mstari huo ndio unaoanza kushika kutu. Baba alisema kazi inayochukua siku nzima itachukua saa, na vijana wa kuvukuta hawapatikani tena. Walikaa muda mrefu bila kukubaliana, wakila sinia moja.

Mashine ilinunuliwa. Naamini baba alikuwa sahihi kuinunua, na ami alikuwa sahihi kuhusu bawaba za usukani, ndiyo maana kiwandani kwetu bawaba za usukani bado zinafuliwa kwa moto na haziruhusiwi kuchomelewa. Vishikio vya dari (sitaha), pete na ngazi vinachomelewa. Mpaka huo kati ya kitu na kitu ndio uamuzi wa ami, na kaka hauvuki.

Nao wapo wanaolitazama kapi upya kabisa. Ndugu wawili wa Wisconsin nchini Marekani, Peter na Olaf Harken, walianza mwaka 1967 na kapi lenye gololi ndogo za plastiki ndani yake, nyepesi, zinazozunguka ndani ya maji bila grisi. Baharia mmoja aliyetia nanga Shela alimwachia kaka kapi lake bovu la namna hiyo. Kaka alilifungua juu ya meza, akazihesabu gololi, akalifunga tena likazunguka. Kapi letu la mbao lenye pini ya chuma na shahamu haliwezi kushindana nalo kwa wepesi. Lakini likiharibika baharini, nahodha wa Kizingitini anaweza kulitengeneza kwa kisu. Kwa foromali ya jahazi bado ningechagua la kwetu, na kwa mashua ya mashindano ningechagua la Wisconsin.

Stenlesi na duka

Siku hizi kila mtu anataka stenlesi. Inang'aa, na watu wameambiwa haishiki kutu. Nami nasema inashika, tena mahali pabaya zaidi. Stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba sana unaojitengeneza kwa hewa. Iweke juu ya dari, ioshwe na mvua, itadumu. Ifiche ndani ya mbao iliyolowa maji ya chumvi, ambamo hewa haifiki, na utando huo hufa. Kutu huanza ndani, katikati ya bolti, na nje kichwa kinaendelea kung'aa. Chuma cha kawaida hukuonyesha ugonjwa wake kwa doa jekundu kwenye rangi. Stenlesi hukuonyesha siku inapokatika. Ile ya daraja la 316, yenye molibdenamu, huvumilia chumvi kuliko ya 304, lakini dukani hakuna anayekwambia unanunua ipi, na kwa macho haziachani.

Miaka michache nyuma mradi mmoja ulileta vifaa vya bure kwa wavuvi: misumari yenye ngozi ya zinki, bolti, pete. Vilikuwa vizuri kwa kuvitazama. Misumari ilikuwa ya urefu mmoja. Wavuvi waliipigilia kwa sababu ilikuwa ya bure, mingine mifupi isiyofika kukunjwa, na msimu wa kusi ukazipata mashua hizo zikivuja. Walizileta Langoni. Hakuna aliyewahi kuja kutupima mawazo kabla ya kuagiza, na si sisi tu, hata mafundi wa Matondoni hawakuulizwa unene wa ubao. Niliumia na bado naumia, kwa sababu fedha hizo zingetosha kufanya jambo hilo sawasawa.

Na mambo yenyewe yanahitaji usahihi zaidi sasa kuliko zamani. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, ilichimbwa katika maji waliyozoea wavuvi wadogo. Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mvuvi aliyepoteza mahali pa karibu huenda nje ya miamba, katika bahari kubwa, na mashua iliyotosha ndani ya mkondo inahitaji bolti nene, bawaba nene, nanga nzito. Mwaka huo huo wa 2018 marufuku ya kukata miti misituni ikafanya mbao za vyombo ziwe shida, basi watu wakawa wanakarabati badala ya kuunda. Kukarabati kwahitaji misumari ya vipimo tofauti ndani ya chombo kimoja. Hiyo ndiyo kazi ambayo duka haliwezi.

Vyombo vya faiba navyo vimeingia, na havihitaji msumari. Siwachukii wenye navyo. Vinahitaji bolti, vishikio na zinki, na wenye navyo wanakuja pia.

Kaka sasa ana vijana wawili wanaojifunza, mmoja wa Matondoni na mmoja wa hapa Langoni. Punda bado wanaleta nondo kutoka gatini, kwa sababu gari halipiti vichochoroni. Mimi nimeanza kulinakili daftari la bibi kwa herufi za Kirumi, chombo kwa chombo, na kaka anachora kando ya kila kifaa umbo lake na vipimo kwa wanda na kwa milimita. Tumemaliza misumari na bawaba. Makapi ndiyo yanayotutatiza, kwa kuwa makubwa ya majahazi ya zamani yamebaki machache na mengi yamegeuzwa mapambo ya hoteli.

Ukiwa na gofia au kapi la zamani nyumbani, liwe zima au limepasuka, hata kama limetundikwa ukutani na hutaki kuliuza, tufahamishe. Kaka atakuja na kijiti chake, atalipima bila kuliondoa ukutani, na jina la chombo lilikotoka, kama bado unalikumbuka, litaandikwa kwenye ukurasa wake.